Godoro, Jokofu na Anga: Gesi Iliyofichwa Ndani ya Povu

Hotuba ya Afisa Mazingira kwa wakazi wa Kata ya Kwamndolwa, iliyotolewa katika kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Tabaka la Ozoni, tarehe 16 Septemba.

  

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo majina yake ni mageni, lakini vitu vyake vimo karibu katika kila nyumba ya kata hii. Jambo lenyewe ni gesi ambazo viwanda vilitumia kuumua sponji ya magodoro na povu gumu lililomo ndani ya kuta za majokofu. Namna gesi hizo zilivyobainika kuharibu tabaka la ozoni. Na namna dunia, pamoja na nchi yetu, ilivyoamua kuziacha na kutafuta nyingine badala yake.

Kazi hiyo imefanyika kwa sehemu kubwa, na imefanyika vizuri. Hata hivyo, sehemu iliyobaki haimo tena viwandani. Imo katika majokofu ya zamani yaliyoko majumbani, madukani, kwenye karakana za mafundi na katika maeneo yanaponunuliwa vyuma chakavu. Kwa maneno mengine, imo mikononi mwetu, na hilo ndilo lililonifanya niombe muda wenu.

Povu huumukaje

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kitanda cha kamba za katani, na godoro la sufi lililoanikwa juani ili liumuke upya. Vitu hivyo viwili vilitoka katika ardhi yetu wenyewe, katika mkonge na misufi ya mkoa huu wa Tanga. Baadaye likaja godoro la sponji, jepesi na la bei nafuu, na leo ndilo linalolaliwa na wengi wetu, ndilo lililomo katika mabweni ya shule na katika wodi za hospitali.

Sponji hutengenezwa kwa kuchanganya vimiminika viwili, polioli na isosianeti. Vikikutana hushikamana na kuwa plastiki iitwayo poliyurethani, na joto kali hutoka wakati huohuo. Maji kidogo yakitiwa katika mchanganyiko huo, nayo hupambana na isosianeti na kuzaa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo hutaka kutoka, plastiki inayoganda huizuia, na mchanganyiko mzima huumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Katika dakika chache kiwanda hupata bonge kubwa, ambalo likishapoa hukatwa vipande vya unene unaotakiwa.

Lau maji peke yake yangetosheleza kila haja, tusingekuwa na hotuba leo. Tatizo lilijitokeza pale mwenye kiwanda alipotaka sponji iliyo laini na nyepesi zaidi. Kuongeza maji kulimletea hasara mbili: sponji ilikuwa ngumu, na joto ndani ya bonge lilizidi hata kuunguza katikati yake, na mara nyingine kuwasha moto. Ndipo viwanda duniani kote vilipoitumia kemikali iitwayo CFC-11.

Kemikali hiyo huchemka katika nyuzi joto 24 hivi. Kwa hali ya hewa ya Korogwe, ukiiacha wazi mezani mchana ingechemka yenyewe bila jiko. Ikitiwa katika mchanganyiko wa povu, hulinyonya lile joto linalozidi, hugeuka gesi, na huumua povu bila kuliunguza. Haishiki moto, sumu yake kwa mfanyakazi ni ndogo, na bei yake ilikuwa nafuu. Hakuna aliyeichagua kwa nia mbaya. Ilichaguliwa kwa sababu ilifaa.

Katika majokofu kazi yake ilikuwa kubwa zaidi. Povu la kwenye kuta za jokofu ni gumu, na vijishimo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake. Gesi iliyoumua povu hilo hubaki ndani, na kwa kuwa hupitisha joto kidogo kuliko hewa ya kawaida, ndiyo inayosaidia kuzuia joto la nje lisipenye. Hivyo gesi hiyo iliumua povu, kisha ikabaki kama mlinzi wa baridi.

Naomba tofauti hii ikae vizuri vichwani mwetu, kwa kuwa mengi yatakayofuata yanaitegemea. Vijishimo vya sponji ya godoro viko wazi, na ndiyo maana ukilikandamiza hewa hutoka na ukiliachia hewa hurudi. Gesi iliyoumua godoro ilikwisha kutoka palepale kiwandani au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo asiondoke mtu hapa akidhani kwamba godoro lake linaharibu ozoni usiku anapolala. Jokofu ni kinyume chake: gesi iliyotiwa ukutani mwake miaka 30 au 40 iliyopita, sehemu yake kubwa bado imo humo, ikisubiri siku ukuta utakapovunjwa.

Kwa nini dunia iliikataa gesi hii

Mwaka 1974 wanasayansi wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi za jamii ya CFC hazivunjiki zikiwa karibu na ardhi. Mvua haiziondoi wala udongo hauzimalizi. Hupanda polepole hadi anga ya juu, ambako mionzi mikali ya jua huzipasua na kutoa klorini. Chembe moja ya klorini huweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni kabla ya kutulizwa.

Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wakipima anga ya Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya huko hupungua mno kila majira ya machipuko. Mwaka huohuo mataifa yalitia saini Mkataba wa Vienna, na tarehe 16 Septemba 1987 ukafuata Mkataba wa Montreal, ambao ndio uliopanga gesi zipi ziachwe na kwa ratiba gani. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Leo mataifa yote ya dunia ni wanachama wa mkataba huo.

Ni haki yenu kuelezwa ukweli wote. Tundu la ozoni liko Antaktika, mbali sana nasi, na katika ukanda wetu wa tropiki ozoni haikupungua kwa kiasi kikubwa. Basi mkazi wa Kwamndolwa ana hoja gani hapa?

Hoja ya kwanza ni kwamba jua letu tayari ni kali. Mionzi ambayo ozoni huichuja ndiyo inayochangia saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na ndugu zetu wenye ualbino ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote. Palipo na jua kali, hakuna anayeweza kusema kwamba kivuli kidogo kikipungua si neno.

Hoja ya pili ni kwamba CFC-11 pia ni gesijoto. Kwa uzito uleule, katika muda wa miaka 100 huongeza joto la dunia zaidi ya mara 4,000 kuliko kaboni dioksidi. Sisi tunaotegemea mvua kwa mahindi, na mto Pangani kwa maji na umeme, tunalijua joto la dunia kwa namna misimu inavyotusumbua.

Hoja ya tatu ni umri wake. Gesi hii ikishatoka haiondoki upesi. Baada ya miaka 50, zaidi ya theluthi yake huwa bado imo angani. Tunachokiachia leo tunawaachia wajukuu.

Gesi mbadala na kasoro zake

Ndugu wananchi, kuacha kitu kinachofaa si kazi rahisi, na historia ya gesi hizi inalionyesha hilo wazi.

Kwa upande wa magodoro, viwanda vingi vilihamia kloridi ya methilini. Hii haimo katika orodha ya kemikali ambazo Mkataba wa Montreal unaziondoa, lakini mvuke wake ni hatari kwa mfanyakazi anayeuvuta siku nzima, hivyo kiwanda hulazimika kuwa na mitambo ya kutoa hewa. Viwanda vingine vilibadilisha mitambo na mapishi ili kuumua kwa maji na kaboni dioksidi peke yake.

Kwa upande wa povu gumu, hatua ya kwanza ilikuwa HCFC-141b. Madhara yake kwa ozoni ni kama sehemu moja ya tisa ya yale ya CFC-11. Ilikuwa daraja la kuvukia, na daraja si mahali pa kujenga nyumba. Kwa hiyo Mkataba ukaweka ratiba ya kuziacha gesi zote za jamii ya HCFC. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2013, kupunguza asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67.5 mwaka 2025, na kufika mwisho mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo.

Wengine walihamia gesi za jamii ya HFC, ambazo hazina klorini na hivyo haziharibu ozoni. Kumbe nazo nyingi ni gesijoto kali. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, nchini Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza nazo. Wengine wakachagua siklopentani, ambayo haina madhara kwa ozoni na mchango wake katika joto la dunia ni mdogo sana. Majokofu mengi mapya yanayotengenezwa duniani leo yameumuliwa kwa siklopentani. Kasoro yake ni kwamba hushika moto, hivyo kiwanda sharti kiwe na vipimo vya kunusa gesi, mitambo ya hewa na wafanyakazi waliofunzwa.

Mnaona basi kwamba kila badiliko lilitatua jambo moja na kudai uangalifu katika jingine. Gharama ya uangalifu huo ilikuwa kubwa kwa viwanda vya nchi zetu, na ndiyo sababu ulianzishwa Mfuko wa Kimataifa wa kutekeleza Mkataba wa Montreal, unaochangiwa na nchi tajiri, ili kusaidia viwanda vya nchi zinazoendelea kubadilisha mitambo. Kadhalika, nchi zinazoendelea zilipewa muda zaidi. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza CFC kwa matumizi ya kawaida kuanzia mwaka 1996, na sisi kuanzia tarehe 1 Januari 2010.

Hapa nchini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo msingi wa udhibiti huu, na chini yake zilitungwa Kanuni za mwaka 2007 za kudhibiti kemikali zinazomong'onyoa tabaka la ozoni. Uratibu uko Ofisi ya Makamu wa Rais, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilipewa na sheria hiyo wajibu wa usimamizi. Sehemu kubwa ya gesi za HCFC zinazotumika Tanzania hutumika kujazia viyoyozi na majokofu yanapofanyiwa matengenezo, hasa ile iitwayo R22.

Funzo la mwaka 2018

Yapo maswali ambayo huulizwa kila mara. Sisi ni wadogo, kitu gani tutakachofanya kikaonekana angani? Majibu yake yalipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia.

Mwezi Mei mwaka 2018 wanasayansi wanaopima hewa walitangaza kwamba CFC-11 angani ilikuwa ikipungua polepole kuliko ilivyopaswa tangu mwaka 2012. Maana yake ilikuwa moja: mahali fulani duniani, mtu alikuwa akiitengeneza upya kwa siri. Ongezeko lilikadiriwa kuwa tani 13,000 hivi kwa mwaka. Uchunguzi uliofuata ulionyesha viwanda vya povu nchini China, na vipimo kutoka vituo vya Korea Kusini na Japani vilithibitisha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka mashariki mwa nchi hiyo. Serikali ya huko ilichukua hatua, na vipimo vya mwaka 2019 vilionyesha kwamba utoaji umeshuka sana.

Viwanda hivyo havikuwa majina makubwa yajulikanayo na ulimwengu. Vingi vilikuwa vidogo, na sababu iliyotajwa ilikuwa ileile ya siku zote: CFC-11 ilikuwa rahisi kwa bei na ilitoa povu zuri. Wadogo wengi, kila mmoja akitafuta nafuu yake, walitosha kuonekana katika anga ya dunia nzima. Na wadogo wengi walipoacha, hilo nalo likaonekana. Ndiyo jawabu la swali letu.

Jokofu bovu linapofika kwa mnunuzi wa chuma

Sasa turudi nyumbani. Jokofu likifa, kwa kawaida huuzwa kwa kilo. Kijana anayelinunua huangalia kompresa, mabomba ya shaba na bati. Kati ya vitu hivyo na yeye limesimama povu. Njia ya haraka ni kulipasua kwa shoka au grenda, na lililosalia kulichoma moto ili chuma kibaki peke yake.

Wengi wetu hudhani kwamba gesi ya jokofu imo katika mabomba tu, na fundi akiifungua basi imekwisha. Sivyo. Katika majokofu yaliyotengenezwa miaka ya 1980, gesi iliyomo katika povu la ukuta ni gramu mia kadhaa, nyingi kuliko ile iliyokuwa ikizunguka mabombani. Tuchukue gramu 300 tu. Zikitoka zote, uzito wake katika kuongeza joto la dunia ni sawa na zaidi ya tani moja ya kaboni dioksidi, mbali na madhara yake kwa ozoni. Hilo ni jokofu moja.

Kulichoma povu hilo ni hatari ya pili, nayo haiko mbali angani. Poliyurethani ikiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni, gesi mbili zinazoua. Moshi wake mweusi huvutwa kwanza na aliyewasha, kisha na watoto wa jirani. Jambo hili linahusu pia magodoro. Godoro halina gesi ya kuharibu ozoni, lakini likichomwa uani, moshi wake ni sumu ileile.

Hatari ya tatu inahusu majokofu mapya. Povu lake lina siklopentani, na mabomba ya mengi yake yana gesi iitwayo R600a. Zote mbili hushika moto. Kijana anayepeleka gesi ya kukatia chuma kwenye jokofu la namna hiyo anaweza kuungua kabla hajajua limetokea nini.

Sisemi haya ili kuwanyima vijana riziki. Kazi yao ni ya halali na inaisaidia Halmashauri, kwa kuwa chuma wanachokiokota kisingeokotwa na mtu mwingine. Nasema ili wafanye kazi hiyo wakiwa hai na wenye afya.

Mambo matano ninayoyaomba

La kwanza ni kwa mnunuzi. Kabla hujatoa fedha yako kwa jokofu lililokwisha kutumika, geuza mgongo wake au fungua mlango usome kibandiko. Ukiona R12 au R11, jokofu hilo ni la zamani na gesi yake imekwisha kukatazwa. Hata fundi akitaka kulijaza atahangaika. Ukiona 141b, povu lake limetengenezwa kwa gesi iliyo njiani kuondoka. Ukiona neno cyclopentane au alama C5H10 kwa povu, na R600a kwa mabomba, hilo ni afadhali, mradi fundi wake awe amefunzwa kuhudumia gesi inayoshika moto. Jokofu la zamani la bei ya chini pia hula umeme mwingi, na nafuu ya siku ya kununua huliwa na gharama ya LUKU ya kila mwezi.

La pili ni kwa mafundi. Msiifungue gesi ya mabomba ikapotea hewani. Nani asiyejua kwamba ni rahisi kukata bomba na kuondoka? Lakini fundi mwenye mtambo wa kunyonya gesi na chupa ya kuihifadhi analinda pafu lake na anga. Walio vijana wanaotaka ufundi huu, vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na huo ni ufundi utakaodumu.

La tatu ni kwa wanaonunua vyuma chakavu. Toeni kompresa na mabomba yaliyo nje, mgongoni mwa jokofu, baada ya gesi kunyonywa. Ukuta wenye povu uacheni mzima. Msiupasue wala msiuchome. Najua kwamba ndani ya ukuta huo kuna bomba na bati lenye bei, na kuliacha ni kuacha fedha. Kwa hiyo naomba vikao vya mitaa vilijadili jambo hili pamoja na vijana wenyewe, na si bila wao: ni wapi makasha hayo yakusanywe, na ni nani ayatumie. Katika nchi nyingine kuna mitambo iliyofungwa pande zote inayosaga majokofu na kuikamata gesi. Mahali ambapo mtambo huo haupo, povu lililo zima ndilo chupa yetu ya kuhifadhia gesi. Huvuja kidogo kidogo kwa miaka mingi, lakini likisagwa au kuchomwa hutoa gesi kwa haraka zaidi.

Kasha la jokofu bovu lina matumizi mengi. Mwenye kuuza samaki au maji baridi hulijaza barafu, na kuta zake hufanya kazi bila umeme. Wengine huhifadhia nafaka, panya wasifike. Sharti moja tu nalisisitiza kwa wazazi: ng'oeni kufuli na mlango, au ufungeni kwa namna ambayo mtoto hawezi kujifungia. Kasha la jokofu halipitishi hewa, na mtoto akijificha humo katika mchezo anaweza kufa kimyakimya.

La nne ni kwa taasisi zetu: shule, zahanati, nyumba za ibada na ofisi, pamoja na sisi wenyewe watumishi wa Halmashauri. Tunaponunua majokofu, tuandike katika maelezo ya zabuni kwamba povu lake lisiwe limeumuliwa kwa CFC wala HCFC, na tumkatae mzabuni asiyeweza kuonyesha kibandiko. Watoto wetu hupata chanjo zilizotunzwa katika majokofu na masanduku ya baridi yenye povu la aina hii. Ni haki yao kwamba kitu kinachowakinga na ugonjwa kisiwaletee madhara kwa upande mwingine. Tunaponunua magodoro ya mabweni au ya wodi, tutazame alama ya ubora ya TBS na tuulize uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo, kwa kuwa godoro jepesi kupita kiasi hubonyea mapema, na tukishalitupa tunanunua jingine.

La tano ni kwa kila nyumba. Godoro lililochakaa lisichomwe. Sponji yake hukatwa ikawa mito, viti na matandiko ya mizigo, na viwanda vingine huisaga na kuigandisha upya kuwa sponji nzito. Kinachobaki kipelekwe penye taka, kisipelekwe motoni.

Tulikofika

Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu dunia iliuona ikiwa bado ina nafasi, na ikaanza kuuziba. Tathmini ya wanasayansi iliyotangazwa Januari 2023 inasema kwamba, sera za sasa zikiendelea kufuatwa, ozoni itarudi katika kiwango cha mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 hivi kwa sehemu kubwa ya dunia, mwaka 2045 hivi katika Aktiki, na mwaka 2066 hivi katika Antaktika. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo ataushuhudia mwisho wa kazi hii akiwa mtu mzima.

Lakini hesabu hiyo ina neno "zikiendelea". Viwanda vimebadilisha gesi zake, mikataba imetiwa saini, kanuni zimeandikwa. Gesi iliyokwisha kutiwa ndani ya kuta za majokofu ya zamani haiwezi kurudishwa kwa kanuni. Inategemea mtu aliyeshika grenda, mama anayeuza jokofu bovu, na mwenyekiti wa mtaa anayeuona moshi mweusi ukipanda na kuamua kama aende kuuliza au anyamaze.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wananchi, nawaomba mambo haya yaingie katika ajenda za mikutano ya mitaa ijayo, hasa suala la mahali pa kukusanyia makasha ya majokofu. Ofisi yangu iko tayari kuitwa na mtaa wowote kueleza zaidi, kusoma kibandiko cha jokofu pamoja na mnunuzi, na kuzungumza na vijana wa vyuma chakavu mahali wanapofanyia kazi.